Ile Runinga Ukutani Ilinunuliwa na Nani?

Ndugu wasomaji, kabla hatujafika mbali naomba kila mmoja wetu achukue hadithi fupi aliyoiandika karibuni, au muswada wa riwaya alioulalia chini ya godoro, atafute sebule iliyomo humo. Sebule haikosekani. Tangu tuanze kubadilishana kazi sisi vijana wa hapa Mwanza nimesoma miswada kumi na miwili. Tisa kati ya hiyo ina sebule yenye makochi, na katika kila sebule kuna runinga kubwa, bapa, imetundikwa ukutani. Mhusika anaingia, anatupa funguo za gari mezani, anachukua rimoti, anawasha. Simu inaita. Mambo yanaanza.

Swali langu ni dogo tu: ile runinga ilinunuliwa na nani?

Ilinunuliwa lini, kwa fedha ya kazi gani, na siku ile ilipoingizwa ndani ni kitu gani kingine kilichoshindikana kununuliwa? Katika miswada yote tisa sikuona jibu. Runinga ipo tu, kama jua lilivyopo. Ukizitazama tamthilia na filamu zetu nako ni vilevile: nyumba ipo, gari lipo, jokofu limejaa, na hakuna anayeonekana akifanya kazi ya kuvipata hivyo. Ndiyo maana nimeona niandike makala haya. Nataka kusema jambo moja. Hadithi zetu nyingi hazina bei, na hadithi isiyo na bei haiaminiki hata ikiwa na machozi debe zima. Nitalieleza jambo hilo kwa kutumia runinga yenyewe, kwa kuwa mwaka jana iliingia moja nyumbani kwetu Nyegezi, nami nimeishi nayo nikiitazama kwa macho mawili: jicho la mtazamaji, na jicho la mtu anayetaka kuwa mwandishi wa riwaya.

KUCHAGUA

Mama yangu ni mama lishe karibu na stendi ya mabasi ya Nyegezi. Asubuhi anauza chai, chapati na supu, mchana wali na samaki, kwa wasafiri wa Shinyanga, Tabora mpaka Dar es Salaam. Yumo katika mchezo wa akina mama kumi na sita. Kila wiki kila mmoja anatoa shilingi elfu ishirini, na mmoja wao anapokea laki tatu na elfu ishirini. Zamu ya mama ilikuwa ya kumi na moja, kwa hiyo kwa wiki kumi nzima nyumba yetu iligeuka bunge.

Kaka yangu, ambaye ni dereva wa bodaboda, alitaka runinga ya inchi 43 hata ikibidi kukopa nyongeza, ili Simba na Yanga waonekane mpaka jasho. Mdogo wangu wa kidato cha tatu alitaka yoyote ile mradi iingie intaneti. Mimi sikutaka runinga. Nilitaka kompyuta ya mtumba, kwa sababu riwaya yangu yote iko kwenye kauntabuku nne, na hakuna mchapishaji siku hizi anayepokea kauntabuku. Nikajenga hoja kwa ufasaha wote nilioupata kidato cha nne. Mama akasikiliza mpaka nukta ya mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo kompyuta utaitazama peke yako. Tivii tutaitazama wote."

Shuleni tulisomeshwa maneno ya wahakiki wengi, lakini sijakutana na sentensi iliyonibana kuliko hiyo. Nitairudia huko mbele.

Siku ya siku tukapanda daladala, Mkuyuni, Igogo, mpaka mjini kati. Naomba nisimulie ya dukani kwa kirefu kidogo maana yana somo. Ukiingia unakuta runinga kama ishirini zimewashwa kwa pamoja, na zote zinaonyesha picha za namna moja: kasuku wa rangi saba, samaki wa kwenye matumbawe, tikitimaji linapasuliwa polepole maji yakiruka. Mwanga umefunguliwa mpaka mwisho, kwa sababu duka lina taa kali na kila kampuni inagombea jicho lako. Picha zile zimetengenezwa maalumu kwa kuuzia. Hazina mtu mweusi anayezungumza usiku chini ya mwembe, hazina mechi ya mvua, hazina taarifa ya habari.

Mama akamwambia kijana wa duka, "Mwanangu, mimi nyumbani sitazami kasuku. Niwekee tamthilia."

"Mama yangu, hizi picha ndizo zinazoonyesha uwezo wa kioo."

"Uwezo wake nitaujua mtu akilia gizani nikaona machozi."

Ikabidi king'amuzi kitafutwe. Hapo ndipo mbivu na mbichi zilipojulikana. Runinga mbili ambazo kwa kasuku zilikuwa mapacha, kwenye chumba chenye giza zilipishana kabisa: moja ilionyesha uso wa mtu, nyingine ikaonyesha wingu jeusi lenye meno.

Kisha mama akaenda kusimama pembeni kabisa, karibu na mlango. Kijana akashangaa, lakini mama alikuwa anaijua sebule yake. Mgeni anakaa kwenye kochi la katikati, watoto wa jirani wanakaa kwenye mkeka upande wa ukuta. Vipo vioo ambavyo ukivitazama kutoka pembeni rangi inapauka kama kanga iliyofuliwa mara mia. Akavikataa viwili kwa ajili ya watoto ambao si wake.

Kaka naye alijifunza kwamba inchi za runinga hupimwa mshazari, kona kwa kona. Inchi 32 ni kama sentimita 81, lakini upana wake ni kama 71 tu. Mimi nikajifunza kuhusu 4K, ambayo kijana aliisifia mno. Maana yake ni kwamba picha ina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwenda juu. Ni kweli ni nyingi. Ila chaneli tunazozipata kwa king'amuzi chetu cha kawaida hazirushwi kwa wingi huo wa nukta, kwa hiyo unalipia shamba kubwa halafu mbegu unazo za tuta moja. Mama akageuza runinga akasoma kibandiko cha nyuma chenye wati, kwa sababu LUKU ananunua yeye.

Tukachukua ya inchi 32. Bei ilianzia laki tatu na nusu, ikashuka mpaka laki tatu na kumi. Elfu kumi iliyobaki ikaishia kwenye bajaji, maana huwezi kupanda na kioo kwenye daladala ya jioni. Mchezo ukawa umekwisha.

Chapati moja ikiuzwa humwachia mama faida ya kama shilingi mia. Piga hesabu. Runinga yetu ina chapati elfu tatu na mia mbili ndani yake. Alizikanda kuanzia saa kumi za usiku, kabla basi la kwanza halijapiga honi.

Sasa niambieni, ndugu zangu: kati ya kisa hiki na kile cha mhusika anayetupa funguo mezani, kipi kina riwaya ndani yake?

KUISHI NAYO

Runinga ya zamani tuliyokuwa nayo ilikuwa chogo. Ilikuwa pana kwa nyuma, nzito, na juu yake palikuwa mahali. Palikuwa na kitambaa alichokifuma mama mwenyewe, chombo cha maua ya plastiki, na picha ya marehemu baba katika fremu. Mitambo ya analojia ilipozimwa, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na hapa Mwanza mwaka 2013, king'amuzi nacho kikapanda juu ya chogo kikakaa karibu na baba.

Hii mpya haina juu. Ina unene wa vidole vitatu. Wiki nzima picha ya baba ilizunguka nyumbani, mara kwenye kabati la vyombo, mara dirishani, mpaka mama alipompa kaka msumari. Sasa iko ukutani juu ya runinga, na anayetazama mpira anamtazama na marehemu. Kitambaa kimefunika sabufa. Sabufa ilibidi inunuliwe baadaye, kwa sababu runinga hizi nyembamba zina spika ndogo zilizotazama chini au nyuma, na sauti yake ni kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Sabufa nayo ilikuwa na bei yake, na kaka alikosa tairi mwezi ule.

Jioni watu hujaa. Mkeka haukai bila watoto. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba katika sebule yetu mhakiki si mimi.

Mama ana swali moja. Tamthilia yoyote ikianza, awe dada analia kwenye kochi la ngozi au kaka anazunguka na gari kubwa, mama anauliza, "Huyu kazi yake nini?" Hamuulizi mtu, anauliza kioo. Mara nyingi kioo hakijibu. Ataambiwa ni bosi. "Bosi wa nini?" Kimya. Ataona mke wa nyumba anakaanga samaki kwa kucha ndefu za kubandika na wigi limeshuka mpaka mgongoni. Akina mama wote watacheka, na yule dada atakapokuja kufiwa robo saa baadaye watakuwa bado wanacheka. Msiba hautamfaa tena. Walishamkamata kwenye samaki.

Lakini mama huyuhuyu anazifuata tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, ingawa midomo ya waigizaji inamaliza kabla ya maneno na Kiswahili chenyewe mara nyingine kinanuka tafsiri. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Kule najua nani anamlisha nani." Kwenye nyumba ya mfalme kila mtu ana cheo, anapewa nini, ananyang'anywa nini. Hajawahi kufika Uturuki. Bei anaielewa.

SEBULE ILITOKA WAPI?

Tusiwaonee watengenezaji wa filamu. Tuangalie jambo hili lilikotoka.

Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Huku Bara serikali ya wakati ule iliona kitu hicho ni anasa, tukasubiri mpaka 1994 ITV ilipoanza. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 wazazi wetu walikuwa wakiwatazama kundi la Kaole katika michezo ya kuigiza. Mwaka 2003 ikatoka filamu ya "Girlfriend" ya George Tyson, na biashara ya filamu za video ikashika kasi. Mfano mkubwa uliokuwa mbele yao ulikuwa Nigeria, na majumba yake na mageti yake. Marehemu Steven Kanumba, mtoto wa jirani zetu wa Shinyanga aliyepitia Kaole, aliigiza na Wanigeria katika "Dar 2 Lagos" ya mwaka 2006. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 nchi ilisimama. Hakuna mwandishi wa riwaya wa siku hizi ambaye angeliliwa vile, tuseme ukweli.

Sasa kwa nini kila kitu kinatokea sebuleni? Fikirini kama watu wa biashara. Filamu nyingi za aina ile zilipigwa kwa siku chache na kwa fedha kidogo. Mtayarishaji akipata nyumba moja nzuri ya kuazima au kukodi, anataka kila tukio limalizikie humo. Barabarani kuna kelele, kuna watoto wanaopungia kamera, kuna jua linalohama, kuna kibali. Ukitaka daladala iliyojaa lazima uilipe daladala na abiria wake. Ukitaka ziwa usiku unahitaji taa, jenereta na mtumbwi wa pili wa kubebea kamera. Sebuleni unafunga mlango, unaanza kazi.

Kwa hiyo ile sebule ya kifahari tunayoiona ni alama ya umaskini wa mtayarishaji. Amefunga mlango kwa sababu hana fedha ya kutoka nje. Hilo simlaumu hata kidogo.

Ninayemlaumu ni mwandishi. Wewe mwenzangu hulipi chochote. Una kalamu ya shilingi mia tatu. Daladala iliyojaa ni bure. Ziwa lenye dhoruba na karabai mia za wavuvi wa dagaa ni bure. Unaweza kumleta mtu kutoka Bukoba kwa meli, ukamvusha Busisi, ukamlaza stendi ya Nyegezi na mvua juu, na hakuna atakayekudai hata senti. Halafu unakwenda kujifungia sebuleni! Umeiga ufinyu wa mtu ambaye yeye alilazimika. Huo ni sawa na mtu mwenye miguu miwili kuazima magongo kwa sababu ameona yanapendeza kwa jirani.

Na si lazima hata kutoka nje. Sebule yenyewe ikiwa na bei inatosha. Mwaka 2011 TBC walionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa Kiswahili, "Doudou na Mama Wakwe Zake". Nilikuwa shule ya msingi na tulikuwa tunaitazama kwa jirani. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013 aliitaja. Ilikuwa na nini? Doudou ni nesi. Mumewe ni mpiga picha. Baba mkwe aliachana na mke wa kwanza akaoa mwingine, ndiyo maana mama wakwe ni wawili. Basi, wanazozana juu ya mahali pa kuishi, fedha ya nani itumike kwa nini, na mama mkwe yupi amedharauliwa. Nyingi ni sebule na jikoni, na mitaa ya Beijing ambayo hatuijui. Lakini swali la "huyu kazi yake nini" lilijibiwa mapema, na watu wa uswahilini wakawatambua Wachina wale kama majirani.

WAZEE WA ZIWANI

Wapo watakaosema kwamba bei ni jambo la tamthilia na soko, fasihi ni ya mawazo makubwa. Mimi nasema waende Ukerewe, hapa hapa mbele yetu ziwani.

Mzee Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilikaa miaka thelathini na mitano kabla ya kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, kwa tafsiri aliyoifanya mwenyewe, na mwaka 1981 akafariki. Anayelia kwamba kauntabuku zake zimekaa miaka miwili na amfikirie huyo mzee kwanza. Katika "Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka" mke anarudishwa kwao kwa sababu ndoa haijapata mtoto. Mume anakwenda ukweni kumwomba, na huko anatakiwa alete pombe ya ndizi. Katika tamthilia zetu hilo lingemalizwa kwa sentensi moja na muziki wa huzuni. Kitereza anakupeleka mgombani. Ndizi zinatafutwa, zinaivishwa, zinakamuliwa, mitungi inatafutwa, wabebaji wanatafutwa. Wasomaji wengine huchoka wakaruka kurasa. Nami nimechoka pia, ndiyo, nimechoka pamoja na wabebaji, na ndiyo sababu Bugonoka anapogeuza uso kurudi kwa mumewe ninajua kwa hesabu kamili anapendwa kiasi gani. Mapenzi yamepimwa kwa mitungi.

Euphrase Kezilahabi, mtoto mwingine wa Ukerewe aliyezaliwa 1944 na kututoka mwaka 2020, tunamjua zaidi kwa mawazo yake mazito. Lakini rudini "Dunia Uwanja wa Fujo" ya mwaka 1975. Tumaini anatajirika kwa kilimo upande wa Shinyanga, na siasa ya Ujamaa inapoifikia mali yake anaua mtu na kuishia kunyongwa. Kisa kile hakiwezi kusimama bila shamba. Msomaji akiwa hajui mali imetoka wapi, hawezi kushtuka inapochukuliwa.

Hata riwaya za upelelezi haziko nje ya jambo hili. Willy Gamba wa marehemu Elvis Musiba anakula hoteli kubwa na kupanda ndege kila sura, lakini hakuna msomaji anayeuliza, maana tunajua ni mpelelezi wa serikali na hesabu inakwenda huko. Jibu ni la mstari mmoja. Basi hata huo mstari mmoja tunashindwa kuuandika?

Na tukishindwa sisi watakuja wengine. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa filamu ya "Darwin's Nightmare", iliyopigwa hapa Mwanza, juu ya sangara: minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, huku kunabaki mapanki. Mwaka 2006 ilikuwa miongoni mwa zilizowania tuzo ya Oscar. Mwaka huohuo Rais Kikwete akaikemea hadharani, na watu wakaandamana mjini kuipinga. Yaliyosemwa humo kuhusu ndege na silaha yaligombaniwa sana, sitayafufua hapa. Mimi kama mtu wa Mwanza sioni raha kuona mji wangu umeonyeshwa kana kwamba hakuna anayecheka humo. Hata hivyo swali la nani anakula minofu na nani anakula mapanki, na kwa bei gani, lilikuwa swali letu. Lilikuwa riwaya iliyolala mlangoni kwetu. Aliyejikwaa nayo ni mgeni mwenye kamera.

JIBU KWA KAKA

Kaka alisikia mawazo haya akanikata. "Wewe unataka kutuharibia starehe," alisema. "Mtu ameendesha pikipiki kutwa nzima akihesabu mia mbili mia mbili, jioni anataka kusahau bei. Ndiyo maana anatazama majumba."

Hoja yake ina uzito na nimeitafakari. Lakini nimemchunguza kaka mwenyewe. Kitu anachokitazama kuliko vyote ni mpira, na kwenye mpira hakuna mwenye kumbukumbu ya bei kuliko yeye. Anajua nani alisajiliwa kwa kiasi gani, nani anadai mshahara, nani ataondoka bure mkataba ukiisha. Akikosa goli mchezaji wa bei ndogo kaka anasikitika. Akikosa wa bei kubwa anasimama na kupiga kelele mpaka picha ya baba inacheza. Bei ndiyo inayomfanya asimame. Kwa hiyo starehe na bei si maadui.

Hata ndoto ya jumba ni tamu zaidi ukijua ngazi zake. Msichana wa Buhongwa akioneshwa jumba bila ngazi anachopata ni wivu. Akioneshwa na ngazi, hata zile chafu ambazo mwandishi hataki tuzipande, ana jambo la kufikiri akiwa kitandani.

Sasa niirudie ile sentensi ya mama. "Utaitazama peke yako, tivii tutaitazama wote." Je, riwaya ni kitu cha mtu mmoja? Umeme ulikatika jioni moja katikati ya tamthilia, watu wakakaa gizani wakisubiri. Nikaleta kauntabuku ya pili nikasoma kwa tochi ya simu sura ya tatu, juu ya fundi anayetengeneza mitumbwi Luchelele. Mama akauliza swali lake kama kawaida, na jibu lilikuwa kwenye ukurasa uleule, pamoja na deni la mbao. Akasema, "Haya, endelea." Watoto wawili walisinzia, mdogo wangu alikuwa na simu yake. Umeme uliporudi tamthilia ilikwisha pita, na jirani mmoja akataka kujua kama fundi alilipwa. Sijui wengine mnaitaje hiyo, mimi naiita kutazama wote.

Vijana wenzangu, sisemi tuandike orodha za madukani. Bei haitakiwi kutajwa kila mahali. Mwandishi anatakiwa kuijua. Kabla hujaiweka runinga ukutani kwa mhusika wako, jiulize mambo matatu. Nani aliinunua? Kwa jasho la kazi gani, au kwa dhambi gani? Na ili inunuliwe, nani nyumbani alikosa nini? Ukiwa na majibu hayo unaweza kuandika neno "runinga" peke yake bila nyongeza, na msomaji atalisikia uzito wake. Ukiwa huna, hata ukiandika inchi 75 zitabaki nyembamba vilevile.

Wahariri wametuambia toleo lijalo lina nafasi ya hadithi nne. Mwenye hadithi ambayo runinga yake imelipiwa ailete, hata kwa kauntabuku. Tutaisoma wote.